Goldfinger, Casino Royale au Skyfall: uanze Bond na ipi?

Kampuni ya Eon imetoa filamu 25 za James Bond, jasusi wa Uingereza, kuanzia Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021. Anayetaka kuujua mfululizo huu hana haja ya kuzipitia zote. Tatu zinatosha, mradi zichaguliwe vizuri: Goldfinger (1964), iliyokamilisha desturi ambazo leo tunazihesabu kuwa za Bond, Casino Royale (2006), iliyozivunja nyingi kwa mpigo, na Skyfall (2012), iliyotaka kuvunja na kurejesha katika filamu hiyohiyo.

Ulinganisho huu ni wa anayepanga jioni ya filamu hapa Nairobi, iwe ni sebuleni Umoja na marafiki wachache, kwenye kilabu cha filamu chuoni, au katika ukumbi wa mtaa ambapo vijana wamekodisha projekta na spika mbili. Utawafaa pia wanaoandika tamthilia za televisheni. Tamthilia ikishafika msimu wa tatu, mwandishi hubanwa na jambo lilelile: mtazamaji amerudi kwa sababu ya yale anayoyajua, na akipewa yaleyale tu atahama.

Jibu fupi ni hili. Kama ni jioni moja tu, onyesha Casino Royale. Kama watu wako hawakai chini zaidi ya saa mbili, au wengi wao ni wazee waliokulia kwenye sinema za zamani, onyesha Goldfinger. Skyfall usianze nayo, hata kama ndiyo inayopendeza macho kuliko zote tatu.

Desturi zilikuja moja baada ya nyingine

Watu hudhani Bond alizaliwa akiwa kamili. Hapana. Dr. No ilileta mtutu wa bunduki unaomfuata mtu katika duara jeupe, muziki wa gitaa ulioandikwa na Monty Norman na kupangwa na John Barry, na jina linalotajwa mara mbili mezani pa karata: "Bond, James Bond." Hata huyo mtu wa kwenye duara hakuwa Sean Connery, mwigizaji wa Bond wa wakati huo. Alikuwa Bob Simmons, mtaalamu wa vitendo vya hatari, na Connery mwenyewe hakuonekana pale hadi Thunderball ya 1965. Kile kisa cha kabla ya jina la filamu kililetwa na From Russia with Love mwaka 1963, pamoja na Desmond Llewelyn, mzee wa vifaa ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kama Q. Goldfinger ikaongeza yaliyobaki: wimbo wa mwanzo unaoimbwa na sauti kubwa (Shirley Bassey), gari lenye silaha, ziara ya kwenye karakana, na tajiri mwenye mpango mkubwa kupita kiasi.

Kwa hiyo mfululizo ulihitaji filamu tatu kujipatia desturi zake. Nalitaja hili mapema kwa sababu mashabiki wengine huilaumu Casino Royale kwa kukosa Q na Moneypenny, katibu wa M ambaye ni mkuu wa Bond, kana kwamba ni amri zilizoandikwa siku ya kwanza.

Goldfinger: kila kilichoonyeshwa kinatumika

Dakika 110, mwongozaji Guy Hamilton. Itazame kwanza kwa ule mwanzo wake. Bond anatoka majini na ndege bandia kichwani, anatega baruti kwenye matangi, anavua nguo za kuogelea na chini yake kuna koti jeupe la jioni lenye ua jekundu. Anaingia baa, anatazama saa, mlipuko unasikika. Halafu anaenda kwa mwanamke, na kwenye mboni ya jicho la mwanamke huyo anaona mtu anamnyemelea kwa nyuma. Dakika chache tu, na hakuna hata kimoja cha kisa hicho kinachohusu hadithi inayofuata. Kazi yake ni kumwambia mtazamaji huyu ni mtu wa aina gani. Filamu nyingi za baadaye ziliiga muundo huo.

Kisha njoo kwenye karakana. Q anamwonyesha Bond gari aina ya Aston Martin DB5: namba za gari zinazobadilika, vioo visivyopenya risasi, chombo cha kumfuata adui kwenye ramani, moshi, mafuta ya kuteleza, ngao ya nyuma, bunduki mbele, na mwisho kitufe chekundu kilichofichwa chini ya kifuniko cha gia, cha kumrusha abiria kupitia paa. Bond anadhani ni mzaha. Q anamjibu kwamba yeye hafanyi mzaha na kazi yake. Baadaye, usiku kwenye kiwanda cha Goldfinger, yule tajiri, huko Uswisi, karibu kila kitu alichoonyeshwa kinatumika, na kile kitufe kinamrusha mlinzi aliyeketi kando ya Bond. Ukiwa mwandishi wa tamthilia, sehemu hii ni ya kurudia mara mbili tatu. Maelezo ya karakana yanachosha katika filamu nyingine kwa sababu yametolewa bila kulipwa. Hapa kila sentensi ya Q ni deni, na deni linalipwa mbele ya macho yako.

Lakini ina kasoro, na ni heri mwenye kuonyesha azijue kabla taa hazijazimwa. Nusu ya pili Bond ni mfungwa kwa muda mrefu, na hata bomu la Fort Knox, hazina ya dhahabu ya Marekani, halizimwi na yeye. Anapapasa nyaya, na mtaalamu anafika na kulizima kwa kitendo kimoja, saa ikiwa imesimama kwenye 007, namba ya kazi ya Bond. Mtazamaji makini atasikia pia Bond akisema zilibaki sekunde tatu, wakati namba iliyo machoni petu ni saba. Kubwa kuliko yote ni kile kisa cha ghalani na Pussy Galore, rubani wa Goldfinger. Mwanamke anasema hapana kwa maneno na kwa mikono, Bond anaendelea, na filamu inatutaka tuione kama mapenzi. Ukiwa na vijana ukumbini, lizungumzie baadaye waziwazi. Kulipita kimya ni kukubaliana nalo.

Casino Royale: desturi zilizocheleweshwa

Dakika 144, mwongozaji Martin Campbell. Hapa ndipo penye somo kubwa.

Kabla yake kulikuwa na Die Another Day ya 2002, filamu ya ishirini, iliyotoka mfululizo ukitimiza miaka 40. Ilijazwa kumbukumbu za filamu za nyuma, ikafika mahali pa kumpa Bond gari lisiloonekana. Desturi zote zilikuwepo, tena kwa wingi, na hakuna iliyokuwa na uzito. Eon wakarudi kwenye riwaya ya kwanza ya Ian Fleming, ya 1953, na kumwanzisha Bond upya, sasa akiigizwa na Daniel Craig, siku anayopata leseni yake ya kuua.

Tazama jinsi walivyofanya. Filamu inaanza Prague, rangi ni nyeusi na nyeupe, hakuna mtutu wala duara. Bond ameketi ofisini kwa afisa aliyesaliti, na katikati ya mazungumzo tunarushwa kwenye choo ambako anapigana na mtu wa kwanza aliyemuua. Pigano lile ni baya. Halina ustadi wala kichekesho, na masinki yanavunjika. Mwisho kabisa yule mtu aliyedhaniwa amekufa anaokota bastola, Bond anageuka na kufyatua, na hapo, ghafla, picha inakuwa ile ya mtutu, damu ikishuka. Desturi ya 1962 imepewa sababu ya kuwepo. Inatokana na kuua kwake kwa mara ya kwanza.

Muziki umefanywa vivyo hivyo. Mtunzi David Arnold anauzuia ule wa gitaa filamu nzima. Vipande vidogo vinasikika, noti chache hapa na pale, na mahali pake panashikwa na noti za wimbo wa Chris Cornell, ambao hautaji jina la filamu bali unaitwa You Know My Name. Halafu, baada ya saa mbili na zaidi, kando ya ziwa huko Italia, Bond anampiga mtu risasi ya mguu, anasimama juu yake na kulitaja jina lake kwa ule mpangilio tunaoujua. Ndiyo sentensi ya mwisho. Muziki unalipuka kamili. Mtu ambaye hajawahi kutazama Bond hata mara moja anaijua gitaa ile, ameisikia kwenye matangazo na kwenye simu za watu, kwa hiyo ukumbi mzima utaipokea. Hii ndiyo sababu naiweka ya kwanza kwa jioni moja.

Vifaa navyo havikufutwa. Ndani ya gari lake jipya, Aston Martin DBS, mna bastola na mashine ya kushtua moyo, basi. Bond anapotiliwa sumu anajikokota hadi garini, anajiunganisha, anabonyeza kitufe na hakuna kinachotokea, kwa sababu waya mmoja umechomoka. Anazimia. Vesper Lynd, afisa wa Hazina ya Uingereza anayesimamia fedha za Bond za karata, ndiye anayefika, anauona waya, anauchomeka na kubonyeza. Linganisha na kiti cha kurusha abiria cha 1964: kanuni ni ileile ya kulipa kilichoonyeshwa, ila sasa kifaa kinamwokoa mwanamume kwa mkono wa mwanamke ambaye hakumwamini. Gari lenyewe linadumu muda mfupi. Bond anamkwepa Vesper aliyelazwa barabarani akiwa amefungwa kamba, na DBS inabingirika mara saba, rekodi ya dunia ya wakati huo iliyowekwa na dereva Adam Kirley.

Hata koti la jioni, ambalo mwaka 1964 lilitoka kavu chini ya nguo za majini, hapa analetewa na Vesper, limeshonwa kwa vipimo alivyovikadiria kwa macho. Na alipoulizwa kinywaji chake kitikiswe au kikorogwe, Bond huyu, ambaye ndio kwanza amepoteza mamilioni mezani, anajibu kwa hasira kwamba hajali.

Kwa watazamaji wa huku kuna jambo la karibu zaidi. Fedha zinazosukuma hadithi nzima zinakabidhiwa kambini Mbale, Uganda, na kiongozi wa waasi aitwaye Obanno, ambaye Isaach de Bankolé anamwigiza kwa uzito. Mahali palipopigwa picha ni msitu wa Black Park, Uingereza, na anayeijua Mbale na milima yake ataliona hilo mara moja. Hata hivyo Obanno hajaachwa kuwa pambo la mwanzo tu. Anaifuata pesa yake hadi hotelini Montenegro, na pigano lake na Bond kwenye ngazi ndilo linalomvunja Vesper moyo kiasi cha kuketi chini ya maji ya bafu akiwa na nguo zake.

Tatizo moja la ukumbini ni karata. Wengi wanacheza karata mtaani, lakini poka ya namna hii ni wachache. Tumia dakika mbili kabla ya kuanza: kila mchezaji ana karata mbili za siri, tano zinawekwa wazi mezani, na kila mmoja anatafuta tano bora kati ya zote saba. Katika mkono wa mwisho Bond ana 5 na 7 za shupaza, na mezani kuna 4, 6 na 8 za shupaza. Zinafuatana na ni za aina moja, kwa hiyo zinamshinda Le Chiffre, adui wake anayetunza fedha za magaidi, mwenye tatu za namba moja na jozi. Mwambie mtu kanuni bila kumwambia karata, na ataruka kitini mwenyewe.

Kuna pia kisa cha Bond kuteswa akiwa uchi kitini. Uingereza walikipunguza ili filamu ipate daraja la umri la 12A. Kwangu mimi kinabaki kisichofaa mtoto.

Skyfall: inategemea umeshajua

Dakika 143, mwongozaji Sam Mendes, na picha za Roger Deakins ambazo zinastahili skrini kubwa na chumba chenye giza la kweli. Pigano la vivuli mbele ya mataa ya Shanghai likionyeshwa kwenye ukuta wa krimu na pazia jembamba, utaona matope matupu. Kama chumba chako hakizibiki mwanga, chagua nyingine.

Ilitoka mfululizo ukitimiza miaka 50, kama Die Another Day ilivyotoka kwa ule wa 40, na tofauti ya filamu hizi mbili inafundisha. Skyfall inarejesha mambo machache na kuyapa kazi. Q kijana, Ben Whishaw, anampa Bond redio na bastola inayotambua kiganja chake, na kumwambia kwamba siku hizi hawajihusishi na kalamu za kulipuka. Bastola inamwokoa Macau, redio inawaita wanajeshi kisiwani kwa Silva, adui wa filamu hii. Vitu viwili, madeni mawili, yote yamelipwa. Ni Goldfinger kwa bei nafuu.

Halafu linatoka gereji lile gari la DB5 lenye namba BMT 216A, namba ya 1964. M analalamika kuhusu safari, na Bond anafungua kifuniko cha gia na kugusa kitufe chekundu. Asiyeiona Goldfinger atatazama kidole kikigusa gia, basi. Na hapa desturi imeishinda hesabu. DB5 ambayo Bond huyu alishinda kwenye karata huko Bahamas katika Casino Royale ilikuwa na usukani wa kushoto na haikuwa na silaha. Hii ina usukani wa kulia, kama magari yetu, na bunduki mbili mbele. Filamu haielezi. Mendes alijua kwamba mtazamaji anaikumbuka picha kuliko anavyokumbuka stakabadhi, na alikuwa sahihi.

Mwisho wake ndio unaonifanya niiweke ya tatu. Tunamjua Moneypenny kwa jina, mlango wa ofisi uliofunikwa ngozi unafunguka, M mpya ameketi ndani, na mtutu unafuata. Filamu tatu zimetumika kumfikisha Daniel Craig kwenye chumba ambacho Connery aliingia mwaka 1962. Kwa aliyeanza nayo, ni mlango tu.

Kosa lake kubwa ni Sévérine, mwanamke aliye mikononi mwa Silva. Bond anang'amua kwamba aliuzwa akiwa mtoto, na muda mfupi baadaye Bond anaingia bafuni kwake bila kubisha. Kisha Sévérine anapigwa risasi, na Bond anasema neno la mzaha kuhusu pombe iliyomwagika. Desturi ya mwanamke anayekufa ili hadithi isonge imebebwa kutoka 1964 bila mtu kuiuliza swali, ndani ya filamu iliyouliza mengine yote.

Kwa anayeandika

Chukua daftari, tazama Goldfinger, na andika ni dakika ya ngapi kila desturi inatokea: mtutu, wimbo, ofisi ya M, karakana, jina, gari. Fanya hivyo tena kwa Casino Royale. Utaona desturi zilizosogezwa ni nyingi kuliko zilizofutwa, na zilizosogezwa kila moja imeachiwa dalili njiani, kama zile noti za Arnold. Usipoacha dalili, mtazamaji atadhani umesahau.

Kisha tazama waliobaki nyuma ya kamera. Martin Campbell alikuwa ndiye aliyemtambulisha Pierce Brosnan kama Bond katika GoldenEye ya 1995. Arnold alikuwa na Bond tangu 1997, waandishi Neal Purvis na Robert Wade tangu 1999, na Judi Dench akabaki M ingawa hadithi imeanza upya. Mageuzi makubwa yalifanywa na watu waliozijua desturi kwa mkono. Ukipewa msimu mpya wa tamthilia na ukafukuza timu nzima ili upate upya, utapoteza wanaojua kipi kikitolewa kitaleta maumivu.

Mfano wa kuacha bila kulipa ni Quantum of Solace ya 2008. Mtutu umesukumwa mwisho, jina halitajwi kwa ule mpangilio, Q hayupo, na safari hii hakuna kilichojaza nafasi. Mgomo wa waandishi Marekani uliikuta hati haijakamilika, na ukataji wa picha ni wa haraka hadi mapigano hayafuatiliki. Ni fupi kuliko zote, dakika 106, na usiipange kwa sababu ya ufupi huo.

Kupanga jioni

Ukianza saa kumi na mbili jioni kamili, Goldfinger inakwisha saa moja na dakika 50. Casino Royale, ukiweka mapumziko ya dakika kumi, inakwisha saa mbili na dakika 34, na Skyfall ni hivyohivyo. Wanaorudi Rongai au Kitengela watataka kuwa stejini kabla ya saa tatu, kwa hiyo usiache utangulizi wako uvuke dakika tano, kando na zile mbili za karata. Mapumziko ya Casino Royale yaweke baada ya uwanja wa ndege wa Miami, kabla Vesper hajaketi mbele ya Bond kwenye treni. Ni karibu saa moja tangu mwanzo, na hadithi yenyewe inavuta pumzi hapo. Ukisimamisha katikati ya karata umeiharibu.

Ukumbi ukiwa wa umma, haki za kuonyesha ni jambo tofauti na kumiliki diski au kulipia mtandao. Shughulikia hilo mapema, pamoja na daraja la umri la bodi ya filamu ya Kenya.

Kwa jioni mbili, anza na Goldfinger, wiki inayofuata Casino Royale. Kwa tatu, malizia na Skyfall. Watu wakiomba ya nne, wape On Her Majesty's Secret Service ya 1969, dakika 142, ambamo George Lazenby anaoa na kufiwa siku hiyohiyo ya harusi. Waonyeshe kabla hawajafika kwenye No Time to Die, kwa sababu muziki wake umechukuliwa na kutumiwa tena humo, na sasa ndio wakati mzuri wa kuyasikia yote mawili: tangu 2025 kampuni ya Amazon MGM ndio wenye kauli ya ubunifu badala ya Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, watayarishaji wa Eon, na Denis Villeneuve ametangazwa kuongoza filamu ijayo.